Mwalimu mweusi anasaidia, ila usikimbilie kumhamisha mtoto

Dada, umeuliza umhamishe mwanao shule hapo Texas kisa walimu wote wazungu. Faida ipo kweli, kule Tennessee kuanzia 1985 watoto waligawiwa madarasa kwa bahati nasibu, baadaye mchumi Thomas Dee akakuta weusi waliofundishwa na mweusi walifanya vizuri zaidi hesabu na kusoma, na wazungu kwa mzungu vilevile. Ila ngozi peke yake haitoshi bana, wangu alipata ticha mweusi Mmarekani na bado akaitwa jeuri eti anaangalia chini akikaripiwa, si ndo adabu tuliyomfunza! Nikaenda nikamwelezea, yakaisha. We kaongee na mwalimu kwanza, ulizia na mwakani atafundishwa na nani, shule zingine zinasikiliza ombi la mzazi.