Draiva ya flopi inaganda baada ya kutoa sleep_on

Msomaji wa Lamu kauliza: "Shikamoo fundi. Nina draiva (programu inayoendesha kifaa) ya flopi ya zamani nataka iende kwa Linux ya sasa. Nimetoa cli (ya kufunga intarapti, ile ishara kifaa inayompa prosesa) na sleep_on (ya kulala ukingoja tukio) nikaweka spinloku kila mahali, inakompaili poa, lakini nikisoma diski tu mashine inaganda mpaka nizime kwa swichi. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Kwa dalili hizo, umeshika spinloku ukalala nayo. Spinloku ni loku ambayo anayeikuta imeshikwa huzunguka akiingoja bila kulala, kwa hiyo aliyeishika hatakiwi kulala. Ile cli ilikuwa na kazi mbili kwa mpigo, kulinda data na kuzuia intarapti isikupite kabla hujalala, nawe kazi zote mbili umeibebesha spinloku. Flopi inazunguka mara 300 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 200, kwa prosesa hiyo ni kama kungoja Ramadhani ya mwakani, na muda wote huo umeshika loku! Intarapti unayoingoja ikiingia, hata kwa kori nyingine ya prosesa, hendla yake (kipande cha draiva kinachoijibu) nayo inataka loku uliyoshika wewe.

Sleep_on yenyewe ilitolewa Linux 3.15, mwaka 2014, na haikuonewa. Chukulia uko jeti ya Mokowe, unauliza boti imefika, unaambiwa bado, basi unaenda kutafuta kivuli ujilaze. Hujafika hata kivulini boti inaingia, kijana anaita majina ya walio kwenye orodha, jina lako halimo kwa sababu hujajiandikisha. Ukishalala hapo nani atakuamsha? Wait_event, mbadala wa sleep_on, inakuandikisha kwanza ndo inaangalia tena kama boti ipo, kwa hiyo hata ikiingia katikati hulali.

Kwako lakini ningetumia completion (chombo cha kernel, kiini cha Linux, cha kungoja kazi moja ikamilike), maana unatuma amri moja unangoja jibu moja. Shika spin_lock_irqsave (spinloku inayofunga pia intarapti za kori hiyo), gusa vile vigezo unavyogawana na hendla, achia, ndo ungoje. Na reinit_completion (ya kuifuta completion ianze upya) iwe KABLA ya kutuma amri, ukiiweka baada intarapti ikiwahi unajifutia jibu mwenyewe (hili lilinila wikendi nzima hapa Malindi, nikawa nalaumu waya). Open na ioctl (za kufungua kifaa na kukipa amri) wape myuteksi, loku nyingine, hiyo inaruhusu kulala.

Usingoje bila kikomo pia, diski isipokuwepo intarapti inaweza isije kabisa. Tumia wait_for_completion_timeout, na angalia hapa: ikirudisha 0 muda umeisha, namba nyingine yoyote ni salama. Wengi wanatafuta namba hasi, haiji.

Washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na CONFIG_PROVE_LOCKING kwenye mipangilio ya kernel kabla ya kujaribu tena, dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kernel) itakuonyesha mahali ulipolala na loku mkononi. Na jaribu na diski isiyo na kitu cha maana, hizi zetu za pwani ukungu ushazila nusu.