Kabla ya kulehemu rejeta, uliza gari limepita wapi

Gari likiletwa likidondosha maji mbele, vijana wengi wanaoanza kazi huingia chini na tochi kabla hata ya kusalimia. Salimia kwanza, kisha uliza: "Mzee, umetoka wapi na gari? Ulikuwa unafuata nini?" Aliyeshuka kutoka Kericho hadi Ahero nyuma ya tipa la kokoto ana shida yake, na anayezunguka Milimani na sokoni tu kwa gari la zamani ana yake. Huyu wa pili, mara nyingi ni tangi la plastiki la rejeta limechoka likaachia pale linapobanwa na alumini. Kwa yule wa kwanza, tafuta tundu la jiwe, na ukishaliziba tuzungumze wavu wa kuzuia mengine.

Mawe ya huku kwetu yana njia nyingi za kufika mbele ya gari. Kuna tipa zinazotoka machimboni bila turubai. Kuna trekta za miwa kule Muhoroni, Chemelil na Mumias, zinazopanda lami zikiwa na matope na changarawe kwenye meno ya tairi. Kuna vipande vya barabara vinavyokarabatiwa kwa kumwagiwa lami na kokoto ndogo juu yake, na kabla kokoto hizo hazijashikana magari yanapita kwa kasi ileile ya kila siku. Halafu kuna lile jiwe linalokwama katikati ya tairi pacha za nyuma za lori. Hilo ni baya kuliko yote, kwa sababu likichomoka hutoka na nguvu ya tairi yenyewe na ukubwa wake si wa kokoto. Dereva wa lori akisimama kukagua tairi, alitoe. Wengi hawasimami.

Madereva husema jiwe "limerushwa", nawe utalikubali hivyo hivyo, lakini elewa kinachotokea ili uweze kuwashauri. Mara nyingi tairi la gari lililo mbele limelinyanyua jiwe tu, liko hewani bila mwendo mkubwa, na gari linalofuata ndilo linalolivamia. Kwa hiyo kishindo hutokana zaidi na mwendo wa anayefuata, na kishindo hicho hukua kwa mraba wa mwendo. Kwenye kilomita 100 kwa saa, nguvu ni mara nne ya ile ya kilomita 50. Akishuka kutoka 100 hadi 70, ameipunguza karibu nusu. Gari likija upande wa pili na kurusha jiwe, mwendo wa jiwe lenyewe hujumlishwa na wa gari linalokutana nalo. Mteja akikuuliza wavu gani bora, mwambie kwanza aache nafasi nyuma ya lori na akanyage taratibu penye kokoto mpya. Hatapenda kusikia hivyo, maana amekuja kununua kitu.

Sasa chuchumaa mbele ya gari lolote la kisasa na utazame tundu la chini la bampa, si grili ya juu yenye nembo. Tundu la chini ndilo linaloingiza sehemu kubwa ya hewa, tena liko karibu na ardhi, pale pale mawe yanapopita. Ukiweza kupitisha kidole hadi kugusa vibati vya alumini, jiwe pia linaweza. Kile unachokigusa, kama gari lina AC, si rejeta. Ni kondensa, ile inayopoza gesi ya AC. Rejeta iko nyuma yake, na feni nyuma ya rejeta. Usahau jina lako kabla ya kuusahau mpangilio huu, kwa sababu mteja atakuja akisema AC haitoi baridi, nawe utaanza kumwongezea gesi, kumbe kondensa ina tundu la jiwe na gesi yote itatoka kabla hajavuka daraja la Nyando.

Mirija ya ndani ya rejeta ya alumini ina kuta zisizofika nusu milimita. Vibati vilivyo katikati ya mirija ni vyembamba zaidi, unavipinda kwa ukucha. Jiwe dogo likipiga vibati peke yake, hakuna kinachovuja, ila hewa haipiti pale palipolala. Likipiga mrija, umepata kazi.

Kusoma kidonda ni ujuzi unaojengwa na macho. Tundu la jiwe huwa na vibati vilivyopondwa kulizunguka, vyote vimelalia ndani. Pembeni yake utaona ukoko wa kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini) iliyokauka, wa kijani au wa waridi kulingana na alichotia mwenyewe. Kama alitia maji ya bomba, ni ukoko mweupe au wa kutu. Kwenye kondensa, ukoko hakuna. Utaona doa la mafuta lililoshika vumbi, kwa sababu gesi ya AC hutembea na mafuta ya kompresa. Uvujaji ukiwa kwenye mshono wa tangi la plastiki, usimlaumu jiwe. Alama za kukwaruzwa zikiwa upande wa nyuma wa rejeta, angalia feni na viegemezo vyake.

Usipoona kitu na maji yanapungua, tumia pampu ya kupima presha. Ifunge mahali pa kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa, pandisha hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, kwa magari mengi ya Kijapani kilo 0.9 au 1.1 kwa sentimita ya mraba, kisha subiri ukitazama mshale. Ukishuka, kuna tundu mahali. Usipandishe kupita namba ile ili "kulazimisha tundu lijionyeshe". Utajitengenezea tundu la pili.

Namba hiyo ya kifuniko ina maana kubwa zaidi huku kuliko Mombasa, na hapa naomba usikilize vizuri. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru, mita 1,850, ni kama 94. Ukifika Timboroa, juu ya mita 2,700, ni 91 tu. Na injini nyingi hufanya kazi zikiwa na joto la nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, maana thermostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, hufunguka kati ya 80 na 90 hivi. Kinachozuia maji yasichemke ni presha inayoshikiliwa na kifuniko, pamoja na kulanti iliyochanganywa. Jiwe likitoboa mrija hata kwa tundu la ukubwa wa sindano, presha inatoka, na ile nafasi kati ya joto la kawaida la injini na kuchemka inabaki nyuzi chache tu. Ndiyo maana gari lenye tundu dogo linaweza kuzunguka Kondele wiki nzima bila neno, kisha likachemka likipanda Mau Summit. Mwenyewe ataapa kwamba limeharibikia mlimani. Limeharibika kabla ya hapo.

Basi tuje kwenye wavu.

Wavu mzuri unazuia jiwe linalotoboa na unaruhusu hewa. Haya mawili yanavutana, na anayeanza kazi huona la kwanza tu. Atachukua wavu wa mbu wa madirishani kwa sababu una matundu madogo, anafikiri kadiri tundu lilivyo dogo ndivyo ulinzi ulivyo mkubwa. Ukiwa mpya, hewa bado hupita. Lakini mpeleke mteja huyo kandokando ya ziwa jioni wakati wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi, au kwenye vumbi la miwa inayovunwa, kisha ukautazame asubuhi. Umezibika. Na hata usipozibika, uzi wake ni mwembamba na laini. Jiwe la maana linaupasua na kuendelea na safari.

Waya wa kuku ni kinyume chake. Matundu yake ni makubwa, kokoto ya milimita 10 inapita bila kuomba ruhusa.

Kinachofaa ni matundu ya milimita 5 au 6, waya wa unene wa karibu milimita moja. Piga hesabu: tundu la milimita 6 na waya wa milimita 1 huacha wazi karibu asilimia 73 ya eneo. Hiyo inatosha kwa gari lenye mfumo wa kupoza usio na hitilafu. Dukani utauziwa bati la alumini la matundu ya almasi, ambalo ni jepesi, hupindika vizuri kufuata umbo la bampa, na halishiki kutu. Waya wa kukaushia kahawa pia mafundi huutumia, lakini huuzwa kwa matundu ya ukubwa tofauti, kwa hiyo nenda na rula, usikubali kuambiwa tu "huu ndio ule". Chuma cha pua ni kigumu na cha kudumu, ila kukikata utatokwa jasho na bei yake mteja ataikataa.

Kufunga ndiko kunakowaharibia wengi. Nimeona kazi za watu ambapo vibano vya plastiki vimepitishwa katikati ya vibati vya kondensa ili wavu ukae. Hiyo si ulinzi. Gari likitikisika, kibano kinasaga alumini polepole hadi kifike kwenye mrija, na sasa tundu umelitoboa wewe badala ya jiwe. Wavu ufungwe kwenye plastiki ya bampa au grili, kwa nyuma, uwe mbali na kondensa kwa sentimita 2 au zaidi. Nafasi hiyo ina kazi mbili: wavu ukibonyea kwa jiwe usiguse alumini, na chuma kisikae kimelowa juu ya alumini, maana metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Kingo zilizokatwa zikunje. Vidole vyako na vya atakayefungua boneti baada yako vitashukuru.

Anza na tundu la chini. Juu, kama grili ina mbavu zilizokaribiana, acha. Kabla ya kufunika, angalia kuna nini: kihisi cha joto la nje, honi, kamba ya boneti. Magari mengine yanayoingizwa siku hizi yana rada nyuma ya nembo au ndani ya bampa, na chuma mbele ya rada huipofusha. Hapo usiweke kitu. Mengine yana vifunga hewa vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe nyuma ya grili, wavu usiviguse.

Ukimaliza, usimpe mwenyewe ufunguo bado. Gari lipande mlima. Kwa walio Kisumu, kutoka Mamboleo hadi Kiboswa ni kipimo kizuri na kiko karibu, ukiwa umewasha AC na saa ya mchana. Aliye Nakuru anajua milima yake. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu na nyekundu tu, na taa nyekundu huwaka wakati mambo yameshaharibika, hivyo unganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na utazame namba yenyewe kabla na baada ya kufunga wavu. Tofauti ya nyuzi moja au mbili mlimani si neno. Likiendelea kupanda bila kutulia, usilaumu wavu peke yake: pengine vibati vya rejeta vilishalala, au feni moja haizunguki, na wavu umefichua tu.

Madereva watakuuliza pia wafanye nini wakipigwa jiwe mbali na gereji. Wazime injini mapema, wasubiri ipoe, wasifungue kifuniko kikiwa moto kwa sababu yoyote ile. Waambie jambo moja ambalo wengi hawalijui: maji yakiisha kabisa, kihisi cha joto hubaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva anaona "limepoa" na kuendelea, kumbe silinda hedi inapinda. Mshale ukianguka ghafla mlimani, asimame. Ute wa yai na pilipili manga vinaweza kuziba tundu, ndiyo, na vinaziba pia mirija mizima, kisha gari linakuja kwako na kazi mara mbili. Wapo wanaolegeza kifuniko ili presha ishuke na maji yavuje polepole. Kwenye tambarare ya Ahero hilo linaweza kumfikisha mtu. Kupanda Kericho hivyo ni kutafuta kubadilisha injini, na sababu yake nimeshaieleza kwa nyuzi.

Kuziba kwenyewe nitakwenda haraka, kwa sababu mkono hujifunza kwa kutazama. Rejeta ya zamani ya shaba hulehemiwa vizuri. Ya alumini inataka mashine ya kuchomelea ya gesi ya argoni na mkono uliotulia, na mrija ulioharibika sana unaweza kukatwa, kukunjwa pande zote mbili na kufungwa kwa gundi ya epoksi, ukikubali kwamba umepunguza uwezo wa kupoza. Mirija mitatu minne ikishafungwa, mwambie mwenye gari ukweli, anunue nyingine. Kondensa iliyotobolewa usiigundishe. Presha yake ni kubwa mno kwa gundi.

Vibati vilivyolala vinyooshe kwa kitana chake au bisibisi nyembamba, ukianzia pembeni. Kuosha, tumia maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Wavulana wa kuosha magari hupenda kusogeza bomba la presha karibu na grili na kulaza safu nzima ya vibati kwa dakika moja, na gari linaondoka liking'aa. Waambie wateja wako wakiosha mbele, wasimame karibu waangalie. Na anayeishi Usenge, Mbita au Luanda Kotieno, wavu wake auvue na kuusugua kwa brashi kila wadudu wa ziwani wanapopita, hivyo mfungie kwa skrubu anazoweza kuzifungua mwenyewe.