Maonyo ya kompaila: yarekebishwe au yazimwe?

SWALI: Ndugu mhariri, ninaandika kwa lugha ya C programu inayosoma mizani za kielektroniki na kuhifadhi uzito wa dagaa na sangara wanaopimwa hapa mwaloni. Kila ninapoipitisha kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha) hutokea maonyo mengi, lakini programu inafanya kazi. Mwenzangu ananishauri niyazime. Je, yana madhara?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, usiyazime. Kosa huizuia kompaila kutengeneza programu, ilhali onyo huiacha itengenezwe huku likikueleza kwamba ulichoandika kimekubalika kisarufi ila huenda sicho ulichokusudia. Na kwa programu inayoamua mvuvi alipwe kiasi gani, hilo si jambo dogo.

Tuseme ulitaka kuandika if (uzito == 0) ili kukataa kipimo kitupu, ukaandika if (uzito = 0). Hapo hukulinganisha chochote: umefuta uzito uliopimwa na kuweka sifuri, na kwa kuwa sifuri huhesabiwa kuwa si kweli, ukaguzi unarukwa na kreti nzima ya sangara inaandikwa kilo sifuri. GCC, kompaila inayotumika sana kwa C, ikiwashiwa -Wall (chaguo la kuwasha maonyo ya kawaida) itakuonya na kupendekeza mabano. Wapo wanaoongeza mabano hayo, yaani if ((uzito = 0)), onyo likatoweka na kosa likabaki palepale.

Jambo hili limewahi kutumiwa kwa hila. Novemba 2003, mtu asiyejulikana aliingiza katika nakala mojawapo ya msimbo wa kerneli (kiini) ya mfumo endeshi wa Linux mistari miwili yenye current->uid = 0 ndani ya mabano, mahali ambapo msomaji angetarajia ulinganisho; uid ni namba ya mtumiaji, na sifuri ni namba ya msimamizi mkuu. Kompaila isingelalamika, na mtumiaji wa kawaida angeweza kujipa mamlaka yote ya mfumo. Iligunduliwa kwa kuwa badiliko hilo halikuwa na kumbukumbu katika hazina kuu ya msimbo.

Ongeza pia -Wextra, chaguo la maonyo ya ziada, likiwemo la kosa kama hili. Kreti ikishushwa, mizani inaweza kusoma -1. Ukiilinganisha na namba ya biti 32 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi), -1 hiyo hugeuka 4294967295, na programu itaona mzigo mkubwa mno mahali pasipo na kitu.

Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA, katika kanuni 10 alizochapisha mwaka 2006, alitaka maonyo yote yawashwe tangu siku ya kwanza na msimbo usitoe hata moja. Hata onyo linapoonekana halina msingi, alishauri sehemu hiyo iandikwe upya iwe wazi zaidi, nami naafiki kabisa, maana kinachoitatiza kompaila humtatiza pia atakayerithi kazi yako.

Anza na faili linalokokotoa malipo, ulisafishe, kisha uende kwenye mengine. Yakiisha yote, washa -Werror ili onyo jipya lihesabiwe kuwa kosa. Ukiwapa wengine msimbo wako waukompaili wenyewe, iondoe -Werror, kwa kuwa matoleo mapya ya GCC huja na maonyo ambayo toleo lako halina.