Nyayo bapa chini ya chuma: soli za ndani au kuvua viatu?

Swali: Nina nyayo bapa tangu utotoni na sijawahi kuumwa. Mwaka uliopita nilianza kunyanyua vyuma, na sasa nikichuchumaa na kilo 80 mabegani naona nyayo zinalalia upande wa ndani na magoti yanakaribiana. Mwenzangu mmoja ananishauri niweke soli za ndani zenye kinundu cha kuinua unyayo. Mwingine anasema nivue viatu kabisa. Nimsikilize yupi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, simama pekupeku, omba mtu akutazame kwa nyuma, kisha inuka taratibu juu ya vidole. Ikiwa upinde unajitokeza chini ya unyayo na visigino vinaelekea ndani kidogo, ubapa wako ni wa kulegea tu, na kwa mtu asiyeumwa hauhitaji tiba. Lakini ikiwa unyayo unabaki bapa hata ukiwa umeinuka, au mguu mmoja umeanza kubonyea hivi karibuni, au unashindwa kuinuka kwa mguu mmoja huku ukiumwa nyuma ya kifundo upande wa ndani, acha kuchuchumaa na uzito na umwone daktari, kwa sababu huenda kano linaloshikilia upinde limeumia, na kano hilo likisharefuka halirudi kirahisi.

Tuseme wewe ni wa kundi la kwanza. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimejifunza kutoutegemea sana umbo la unyayo uliotulia. Ninachotaka kuona ni unavyofanya chini ya mzigo. Uzito unapaswa kugawanyika katika sehemu tatu: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Unyayo unapolala ndani, upande wa kidole cha mwisho huwa mwepesi, muundi huzunguka kuelekea ndani, na goti hufuata. Hata hivyo, mara nyingi chanzo kiko juu zaidi: misuli ya nyonga haijalishika paja vya kutosha, paja linazama ndani, na unyayo unabebeshwa lawama isiyo yake.

Chanzo kingine ni kifundo kigumu. Weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 hivi kutoka ukutani, kisha peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Ukishindwa, basi kila unapochuchumaa chini sana unyayo hulala ndani ili kufidia mkunjo ambao kifundo hakiutoi. Hapo kinundu hakitakusaidia sana, bali kisigino kilichoinuliwa, na ndiyo maana viatu maalumu vya wanyanyuaji vina soli ngumu na kisigino kilichoinuka milimita 15 hadi 20.

Kuhusu viatu, tazama raba za kukimbilia kwa nyuma wakati mwenye nazo anashuka na chuma: sponji ya upande wa ndani inabonyea, kisigino cha kiatu kinapinda, na unyayo unateremka nacho. Kwa hiyo mwenzako wa pili ana hoja, kwani sakafu haibonyei. Ila kuvua viatu si tiba, na vidole vinabaki wazi kwa chochote kitakachoanguka. Kiatu cha soli nyembamba na ngumu hutoa karibu faida ileile.

Soli ya ndani ninaipendekeza pale palipo na maumivu, na iwe ngumu kiasi. Ile laini ya sponji inarudisha mtikisiko uleule tulioukimbia. Isikaze kiatu wala kukiinua kisigino hadi kitoke kwenye kiatu, na uizoee kwanza kwa uzito mdogo. Usitarajie ikutengenezee upinde wa kudumu; inasaidia wakati imevaliwa.

Kwako wewe usiyeumwa, ningeanza na misuli. Keti, kanyaga sakafu, kisha vuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Shikilia kwa sekunde 5, rudia mara 10. Ukizoea, fanya ukiwa umesimama, kisha kwa mguu mmoja. Ongeza zoezi la kuinua visigino polepole huku umebana mpira mdogo katikati yake, kwa kuwa linaliamsha lile kano la upinde.

Wakati huohuo punguza uzito. Weka simu sakafuni nyuma yako, usawa wa visigino, ujirekodi ukiwa pekupeku na chuma kitupu, halafu uongeze kidogo kidogo mpaka uone kisigino kinaanza kupinda. Rudi hatua moja chini ya hapo, hata kama ni kilo 50 tu, na usipandishe mpaka mchuchumao wa mwisho wa seti ufanane na wa kwanza.