Majani ya mlonge yananipa fenoli (kemikali za kinga za mmea) kidogo, nakosea wapi?

Pole mkuu, hata mimi ilinitesa hiyo. Umesema majani ya mlonge uliyaanika juani siku tatu, ukayaloweka kwenye maji, halafu Folin-Ciocalteu (dawa ya kupimia fenoli, zikiwa nyingi bluu inakolea) ikakupa bluu hafifu. Mi naona tatizo lilianzia kwenye kuanika, maana jani likinyauka taratibu enzaimu zake zinaendelea kuzila zile fenoli na jua nalo linaziharibu, ndo maana linageuka kahawia. Anika kivulini penye upepo ili lisichelewe kukauka, likibaki kijani na ukilifikicha likavunjika kama karatasi kavu, saga liwe unga laini.

Maji peke yake hayatoshi, jaribu methanoli ya asilimia 70 au 80, tikisa, chuja, yale mashapo usiyatupe, yaloweke tena mara mbili afu changanya vimiminika vyote ulivyochuja. Ila methanoli ni sumu, inapofusha kabisa, na inashika moto haraka, so ifanyie kwenye kabati la kuvuta mvuke, na kama hujawahi kuishika mwombe fundi wa maabara asimame na wewe.

Mlonge una vitamini C nayo Folin inaihesabu kama fenoli, kwa hiyo namba ikipanda ghafla usishangilie. Soma ile bluu kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga) kwa nanomita 765, na mstari wa asidi ya galiki (fenoli ya kulinganishia, ambayo kiasi chake unakijua) uchore siku hiyohiyo, sio ule wa wiki jana (wavivu tunajijua). Majani ya kiangazi na ya masika usiyachanganye, mti ukikosa maji mara nyingi fenoli zinabadilika.