Umeitwa kazini Afisa TEHAMA halmashauri? Soma hii kabla hujajibu

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesoma sayansi ya kompyuta, una mwaka wa pili kwenye kampuni binafsi hapa Dar unaandika programu, na sasa jina lako limetoka kwenye tangazo la kuitwa kazini la Sekretarieti ya Ajira: Afisa TEHAMA Daraja la II, halmashauri ya wilaya. Unauliza kama ukienda utaua fani. Mimi niliripoti halmashauri mwaka 2018 na bado nipo kwenye utumishi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Programu hutaandika, au utaandika kidogo sana. Mifumo inatengenezwa juu. MUSE ya malipo inatoka Wizara ya Fedha, GoTHoMIS ya hospitali na TAUSI ya mapato zinatoka TAMISEMI, na tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 halmashauri haijianzishii mradi wa TEHAMA kienyeji bila kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA. Wewe unapokea mfumo uliokwisha kutengenezwa, unafundisha watu, unafungua akaunti, unapanda darini kufuata waya. Niliripoti na wenzangu wawili. Mmoja aliacha kazi kabla hata ya kuthibitishwa kazini, akasema hakusoma miaka yote ile aje kubadilisha wino wa printa. Simlaumu.

Mimi kilichonibakiza ni mashine moja ya POS, ile ya mkononi ya kukusanyia mapato ya halmashauri na kutolea risiti.

Ijumaa moja mchana aliingia ofisini mtendaji wa kijiji, mama wa makamo, POS yake ameifunga kwenye khanga na mkononi ana bahasha ya stakabadhi za benki. Nikamwamkia, nikampa kiti. Mfumo ulikuwa unamsoma kuwa anadaiwa shilingi 1,840,000 za ushuru wa mazao. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa wa POS, na tayari alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza kwa nini ametumia fedha mbichi. Kama hulijui neno hilo utalijua wiki ya kwanza: ni kukusanya hela ya halmashauri na kuitumia kabla haijafika benki. Mtu anapoteza kazi kwa hilo. Akaniambia, "Mwanangu, hizi hela nimezipeleka mimi mwenyewe, nauli ya bodaboda nimelipa mfukoni kwangu."

Uhasibuni walikuwa wamemjibu kwamba mfumo haudanganyi. Mimi nilimwomba aniachie bahasha. Baadhi ya stakabadhi maandishi yalikuwa yameanza kufifia, ikabidi nizisogeze dirishani. Nikachukua namba ya malipo ya kila stakabadhi, nikailinganisha na bili zilizoko kwenye mfumo, tarakimu moja moja. Stakabadhi tatu zilikuwa zimelipia bili zenye jina la mtendaji aliyemtangulia, aliyehamishiwa kata nyingine. Mashine ilishabadilishwa jina, lakini aliyekuwa anamtolea bili pale ofisini aliendelea kuzitoa kwenye akaunti ya zamani. Hela ilifika benki yote. Kwa yule aliyehamishwa ilionekana amelipa zaidi ya alichokusanya, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Marekebisho yalichukua wiki mbili za barua na saini. Jina lake likaondolewa kwenye orodha. Sikuandika hata mstari mmoja wa programu, ila mpaka leo sijafanya kazi nyingine ninayoiona kubwa kuliko ile. Baada ya hapo nilitengeneza fomu ya makabidhiano ya POS, ukurasa mmoja: namba ya mashine, anayekabidhi, anayepokea, tarehe ya kubadilisha jina kwenye mfumo, tarehe ya kufunga bili za zamani. Mweka hazina akaikubali. Na nikaanza kwenda vijijini mwenyewe badala ya kusubiri watu waje na mashine kwenye khanga, maana kuna vijiji POS inashinda bila mtandao siku nzima, risiti zinatoka ila makusanyo hayajapanda kwenye mfumo, na mkaguzi akija anaandika hoja kwamba mashine ilizimwa kwa makusudi.

Kwa hiyo jiulize kama kazi ya namna hiyo unaiweza. Kama raha yako ni kuandika msimbo (code) tu, baki Dar, na ukitaka serikali subiri nafasi za kule mifumo inakotengenezwa.

Kama unakwenda, kuna jambo moja nakusihi: usipokee nywila ya mtu yeyote. Utafika, kesho yake mkuu wa idara atakwambia, "Kijana, shika hii, niidhinishie, mimi niko safarini." Nami niliwahi kukubali, mara mbili, kwa heshima tu, maana alikuwa mtu mzima na mwema kwangu. Miezi kadhaa baadaye yakatokea maswali juu ya malipo fulani, na ikabidi nieleze kwa maandishi kwa nini idhini ilitoka kwenye kompyuta yangu. Nilisafishika, lakini usingizi ulipotea. Kataa kwa adabu, mwambie utamwekea mfumo kwenye kompyuta yake mpakato afanye mwenyewe huko huko aliko.

Mengine ni madogo. Mshahara wa kwanza huweza kuchelewa mpaka upate cheki namba, yaani namba yako ya utumishi kwenye mfumo wa mishahara, kwa hiyo nenda na akiba. Fedha ya kujikimu, ile ya kuanzia maisha kituoni, iombe kwa maandishi, nakala ipigwe mhuri masijala, ubaki nayo. Kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, jaza kazi zako wiki kwa wiki, usisubiri mwisho wa mwaka. Msimbo wako usiuache. Mimi nilijiwekea muda wa saa moja kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na ndiyo iliyonisaidia nilipoitwa kwenye timu ya kuboresha mfumo mmoja wa ngazi ya taifa.

Na barua ya kupangiwa kituo ina tarehe ya mwisho ya kuripoti. Usiifanyie mzaha. Ukipitisha, nafasi yako inakwenda kwa mwenzako aliyefaulu usaili naye yuko kwenye kanzidata anasubiri simu.