Kabla Hujanunua Kompyuta ya Gemu, Soma Orodha ya Vipuri Vyake

Karibu kila anayeniomba ushauri kabla ya kununua kompyuta ya gemu huanza na bei: ipi itamgharimu kidogo, ile inayouzwa ikiwa imekamilika au ile atakayoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande? Swali hilo ni halali, lakini jibu lake hubadilika msimu hadi msimu, na hata likipatikana halimfikishi mnunuzi mbali. Nimetumia kompyuta za aina zote mbili kwa miaka mingi, nimewaunganishia ndugu na marafiki, na nimefungua makasha ya zile zilizotoka kiwandani ili kuzisafisha au kuziongezea nguvu. Kutokana na hayo nimeshika kigezo kimoja ambacho nakitanguliza mbele ya bei: mwaka wa tatu au wa nne, gemu mpya zitakapoanza kuilemea kompyuta hiyo, je, utaweza kubadilisha kipande kimoja na kuendelea, au itakubidi ununue nyingine nzima?

Kuhusu bei yenyewe nitasema machache. Katika nyakati za kawaida, anayenunua vipuri na kuunganisha mwenyewe hupata mashine bora kidogo kwa fedha zile zile, hasa kwa kuwa anaamua mwenyewe fedha ziende wapi. Nyakati zisizo za kawaida nazo zipo. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, upungufu wa chipu ulikutana na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum waliokuwa wakizoa kadi za grafiki, kipuri kinachochora picha za gemu, na kadi moja ikawa inauzwa kwa bei iliyopita mbali ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Kampuni kubwa za kuunganisha kompyuta zilikuwa na mikataba yao ya ugavi, kwa hiyo watu wengi walinunua kompyuta nzima ili tu waipate kadi iliyomo ndani. Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, hali ikatulia. Kisha mwishoni mwa 2025 RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ikapanda bei kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilihitaji kumbukumbu kwa wingi. Ndiyo maana sitoi jibu moja la kudumu. Linganisha bei za wiki hiyo hiyo unayotaka kununua, kipuri kwa kipuri, na usisahau kuweka kwenye hesabu yako leseni ya Windows, ambayo mara nyingi huja pamoja na kompyuta iliyokamilika lakini haijumuishwi unaponunua vipuri.

Tatizo kubwa la kompyuta zilizounganishwa kiwandani ni kwamba matangazo yake hutaja prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki kwa herufi kubwa, kisha hunyamaza. Hata hayo mawili yanayotajwa yanahitaji kusomwa kwa makini, maana jina moja linaweza kubeba bidhaa mbili tofauti. Kadi ya Nvidia iitwayo GTX 1060 iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya GB 6 na pia ikiwa na GB 3, na ile ya GB 3 ilikuwa imepunguzwa hata viini vyake vya kukokotoa, kutoka 1,280 hadi 1,152. RTX 3060 ilianza ikiwa na GB 12, baadaye ikaongezwa ya GB 8 ambayo upana wa njia yake ya kumbukumbu ulipunguzwa kutoka biti 192 hadi 128. RTX 4060 Ti nayo ipo ya GB 8 na ya GB 16. Mnunuzi anayeona namba ya kadi bila kiasi cha kumbukumbu hajaelezwa anachonunua, na ninamsihi asilipe mpaka aelezwe.

Vitu visivyotajwa kabisa ndivyo vinavyoamua hatima ya mashine. Binamu yangu aliwahi kuniletea kompyuta aliyoinunua ikiwa mpya, yenye kasha la kioo na taa za kupendeza, akilalamika kwamba picha ilikuwa ikikatika-katika hata katika gemu ambazo kadi yake ilipaswa kuzimudu bila shida. Tulipoondoa ubavu wa kasha tulikuta kipande kimoja cha RAM cha GB 16 mahali ambapo vilipaswa kuwepo viwili vya GB 8, kwa hiyo prosesa ilikuwa ikiwasiliana na kumbukumbu kwa njia moja badala ya mbili. Hilo lilikuwa jepesi: tuliongeza kipande cha pili cha aina ile ile na mkatiko ukapungua papo hapo. Lakini macho yangu yalikuwa yameshatua kwenye pawasaplai, kipuri kinachogawa umeme kwa vingine vyote. Ilikuwa na umbo lisilo la kawaida, plagi yake ya kwenda kwenye madabodi (bodi kuu ambayo vipuri vyote huchomekwa) haikuwa ile ya pini 24 inayojulikana, na upande wa kadi ilitoa waya mmoja tu wa pini 6. Alipotaka kadi kubwa zaidi mwaka uliofuata, pawasaplai haikuitosha, pawasaplai ya kawaida haikuingia kwenye madabodi ile, na madabodi ya kawaida haikukaa kwenye kasha lile. Kipande kimoja kilichokosekana kilidai vipande vitatu vingine, na binamu akaishia kuiuza mashine yote.

Kisa hicho kina chanzo chake. Mwaka 1995 Intel ilitoa kiwango kinachoitwa ATX, kinachoeleza ukubwa wa madabodi, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la pawasaplai, na kwa sababu ya kiwango hicho mtu anaweza leo kununua kasha la kampuni moja, madabodi ya nyingine na pawasaplai ya tatu vikakubaliana. Anayeunganisha mwenyewe hufuata kiwango hicho bila hata kufikiri, maana vipuri vya rejareja karibu vyote vimetengenezwa hivyo. Baadhi ya kampuni kubwa, kwa kutaka kupunguza gharama au ukubwa, hutengeneza maumbo yao wenyewe. Si kampuni zote, na si kila modeli ya kampuni hizo, kwa hiyo sisemi kwamba kila kompyuta iliyokamilika ni mtego. Ninachosema ni kwamba muuzaji aulizwe kwa maandishi: madabodi ni modeli gani, na je, ni ATX au micro-ATX (ndogo yake) ya kawaida? Pawasaplai ni ya nani, ya wati ngapi, na plagi yake ni ya pini 24? RAM ni vipande vingapi, vya kasi gani? Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hujibu maswali haya upesi na kwa fahari. Anayekujibu kwamba vipuri “vinaweza kutofautiana” amekueleza kwamba hajui utapokea nini, na hapo ni afadhali kumwacha.

Kuunganisha mwenyewe, kwa upande mwingine, kunaogopwa kuliko kunavyostahili. Kazi ya mikono ni ndogo: bisibisi moja ya nyota, meza safi yenye mwanga wa kutosha, na saa kadhaa zisizo na haraka. Penye kutisha kweli ni mahali pamoja tu, wakati wa kushusha mkono wa chuma unaoibana prosesa kwenye soketi, yaani makao yake kwenye madabodi. Mkono huo unahitaji nguvu kuliko mtu anavyotarajia, na wakati mwingine hutoa mlio wa kukwaruza unaomfanya anayejifunza aruke nyuma. Mradi pembetatu ndogo iliyo kwenye kona ya prosesa imeelekezana na ile ya soketi, na prosesa imekaa yenyewe bila kusukumwa, shusha mkono huo bila wasiwasi.

Yanayobaki ni uangalifu. Ngozi ya plastiki iliyo chini ya kipoza joto ibanduliwe kabla ya kukifunga, la sivyo prosesa itachemka ndani ya dakika chache. Vipande viwili vya RAM, kwenye madabodi yenye nafasi nne, kwa kawaida huwekwa nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Waya wa umeme wa prosesa, wa pini 8, unaoingia kwenye kona ya juu, husahaulika kwa urahisi kwa kuwa umejificha. Na kuna onyo moja ambalo nalirudia kwa kila mtu: usichanganye kamwe nyaya za pawasaplai mbili tofauti, hata kama plagi zinaingiana, kwa sababu mpangilio wa umeme upande wa pawasaplai hauna kiwango cha pamoja, na waya usio wake unaweza kuunguza diski zako zote kwa kubonyeza kitufe mara moja.

Mtu akishawasha mashine mpya yenye RAM ya kizazi cha DDR5, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Hapo madabodi inaipima RAM ili ijue namna ya kuiendesha, na anayezima na kuwasha tena kwa hofu hujirudisha mwanzo. Subira inatosha. Baada ya hapo ingia kwenye BIOS, programu ya msingi ya madabodi, uwashe XMP au EXPO, mipangilio inayoiruhusu RAM kufikia kasi iliyotangazwa, maana RAM iliyoandikwa 6000 kwenye boksi mara nyingi hufanya kazi kwa 4800 mpaka uiamuru vinginevyo. Jambo hilo linawahusu hata walionunua kompyuta iliyokamilika. Nimekuta zaidi ya moja iliyotoka kiwandani bila kuwashwa kipengele hicho, na mwenyewe akawa anailipia kasi asiyoipata.

Hata hivyo, kuna hoja moja ya kununua mashine iliyokamilika ambayo naiheshimu sana, nayo ni dhamana. Kompyuta iliyounganishwa kiwandani ina mlango mmoja wa kubisha: ikigoma, unairudisha yote, na kazi ya kutafuta kilichoharibika ni ya wengine. Uliyoiunganisha mwenyewe ina dhamana nyingi, na baadhi ni ndefu kuliko yoyote utakayopewa na muuzaji wa mashine nzima, kwani pawasaplai nzuri huweza kuwa na dhamana ya miaka 10. Lakini kabla hujadai chochote ni lazima ujue kipuri gani kimekufa. Mashine isiyowaka inaweza kuwa na ubovu wa RAM, madabodi, prosesa au pawasaplai, na njia ya uhakika ya kujua ni kubadilishia kipuri kingine kizima, kitu ambacho watu wengi hawana nyumbani. Kwa hiyo mtu anayeitegemea kompyuta hiyo hiyo kwa masomo au kazi, asiye na mashine ya akiba wala rafiki wa kumsaidia, namshauri bila kusita anunue iliyokamilika, mradi vipuri vyake ni vya kawaida.

Njia ninayoipendekeza zaidi kwa anayeanza ni ile ya katikati, ambayo haizungumzwi vya kutosha: chagua vipuri mwenyewe, kisha muuzaji avifunge kwa malipo ya ziada. Wauzaji wengi wa vipuri hutoa huduma hiyo. Unapata madabodi na pawasaplai za kiwango cha kawaida, unajua jina la kila kilichomo, na mashine inakufikia ikiwa imeshajaribiwa. Omba pia ukabidhiwe maboksi, nyaya zilizobaki na vijitabu vyote, kwa sababu utavihitaji siku ya kudai dhamana au ya kuuza kipuri kwa mtu mwingine.

Ukichagua kwa mkono wako, weka fedha kwanza kwenye vitu vitakavyodumu. Soketi ya madabodi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Walionunua madabodi zenye soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD pamoja na prosesa zake za kwanza za Ryzen mwaka 2017, wengi wao waliweza kusasisha BIOS na kufunga Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022, wakaongeza miaka ya maisha ya mashine kwa kubadilisha prosesa peke yake. AM5 iliyochukua nafasi yake mwaka huo wa 2022 imeendelea kupokea vizazi vipya, na kwa mnunuzi anayefuata kigezo changu hilo ni jambo kubwa kuliko tofauti ya fremu (picha) chache kwa sekunde katika majaribio ya leo. Kwenye pawasaplai, fahamu kwamba alama ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, hupima ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kama joto. Haikuambii kama vilivyomo ndani ni imara au kama kinga zake zinafanya kazi, hivyo tafuta uchambuzi wa modeli yenyewe. Taa, kioo na feni za rangi vinaweza kusubiri.

Mashine ikishafika, iwe ya njia yoyote kati ya hizi, fungua ubavu wa kasha kabla ya kuichomeka. Kampuni nyingi hujaza povu ndani ili kadi isicheze njiani, na povu hilo likiachwa huziba feni. Hakikisha kadi imekaa sawasawa kwenye nafasi yake na plagi zake za umeme zimeingia hadi mwisho. Chomeka waya wa monita kwenye kadi ya grafiki, usiuchomeke kwenye madabodi, kisha nenda kwenye mipangilio ya Windows uone kama monita yako ya Hz 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, haijabaki kwenye 60. Halafu cheza gemu nzito zaidi uliyo nayo kwa saa mbili au tatu mfululizo huku ukiangalia joto la prosesa na kadi. Fanya hivyo katika siku za mwanzo, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujakwisha, na joto likipanda hadi mashine ikajizima au picha ikaanza kuchafuka, irudishe bila kukubali ahadi kwamba itazoea.